Moto wa mjomba sokoni Bagamoyo, na jinsi leza inavyouliza kilichomo ndani ya mwali

#1 Mwanadunda

Assalaam aleykum, na habari za jioni wakuu.

Nimerudi nyumbani Bagamoyo miezi minne iliyopita baada ya miaka miwili na nusu ya masomo ughaibuni. Mjomba wangu anakaanga samaki pale sokoni ufukweni, kazi anayoifanya tangu mimi sijazaliwa. Juzi alasiri nilikwenda kukaa naye nyuma ya karai. Ngalawa zimesharudi, mnada umekwisha, na yeye anatia vibua kwenye mafuta. Akanigeukia: "Baba, huko ulikokwenda umesomea nini hasa? Mama yako ananiambia umesomea moto."

Nikamwambia ndiyo mjomba, nimesomea moto. Akachochea kuni, akaongeza vifuu viwili vya nazi, ndimi za njano zikapanda hadi ukingoni mwa karai. "Basi niambie. Jiko la gesi la dada yako linawaka buluu na sufuria zake safi. Huu wangu njano, na karai hili kila siku nalisugua kwa mchanga na kesho yake jeusi tena. Moto si moto?"

Swali lile lilinikaa. Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa wateja walikuwa wamesimama, lakini jibu lenyewe ni refu na ndilo lililokuwa kazi yangu kwa miaka yote ile. Nimeona niliandike hapa kwa Kiswahili, maana nimelitafuta kwa lugha yetu sikulipata.

Tuanze na rangi, ndiko mjomba alikoanzia. Njano ya moto wa kuni ni masizi yenyewe yakiwa bado yamewaka. Kuni zikipata joto hutoa gesi zenye kaboni nyingi, na zile zisizokutana na hewa ya kutosha kwa wakati hujikusanya kuwa chembe ndogo mno, nanomita 20 hadi 50 kila moja (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), zinazoshikana kama mashada. Ndani ya mwali chembe hizo zinang'aa njano kama chuma kilichotoka motoni kwa mhunzi. Zikipoa kabla hazijaungua, ndiyo ule weusi wa karai. Wahenga walisema palipo moshi pana moto. Mimi niliyekaa maabara naongeza kwamba palipo moshi pana moto ambao haukumaliza kazi yake.

Buluu ya gesi ina asili nyingine. Pale hewa imechanganyika na gesi kabla ya kuwaka, kaboni haipati nafasi ya kujikusanya. Kinachotoa mwanga ni vipande vya molekuli vilivyozaliwa vikiwa na nishati ya ziada. CH, yaani kaboni moja na haidrojeni moja, hutoa mwanga wenye wimbi la nanomita 431, buluu inayoelekea zambarau. C2, kaboni mbili zilizoshikana, hutoa kijani kwenye nanomita 516. Jicho likivipokea pamoja linaona ile buluu ya jikoni.

Vipande hivi ndivyo vinavyoendesha moto. Gesi haiungani na oksijeni kwa mkupuo ikawa maji na kaboni dayoksaidi. Inavunjwa hatua kwa hatua, na mvunjaji mkubwa ni OH, maji yaliyopungukiwa haidrojeni moja. Kinaitwa radikali ya haidroksili. Kina njaa, kinang'oa haidrojeni kwa kila kinachokutana nacho. Ukijua OH iko wapi na ni kiasi gani, umejua moto unafanyia kazi wapi.

Sasa uipime vipi? Ukiingiza mrija wa kunyonya sampuli, OH inafia kwenye kuta za mrija kabla haijafika kwenye mashine. Ukiingiza waya wa kupimia joto, mwali unajikunja kuuzunguka, na unachopima ni mwali ulioukunja mwenyewe. Moto haupimwi kwa kuguswa. Unaulizwa kwa mwanga, nao unajibu kwa mwanga.

Nitaendelea baada ya isha.

#2 Makumbi

Mkuu nimetandika mkeka hapa, siondoki.

Nina swali kabla hujaendelea. Umesema hiyo CH na C2 zinatoa mwanga zenyewe. Kwa nini msipige picha ya mwanga huo mkamaliza? Leza inaingiaje?

#3 Mwanadunda

Makumbi, umeshika penyewe.

Picha ya mwanga wa asili wa mwali hupigwa, na ina faida yake. Lakini ina upungufu wa aina mbili. Kwanza, zinazong'aa ni zile chache tu zilizozaliwa na nishati ya ziada. Wenzao walio wengi wapo kimya, na hao ndio wanaofanya kazi. Pili, kamera inaona mwali wote kuanzia ukuta wa mbele hadi wa nyuma, umelaliana. Huwezi kusema mwanga huu umetoka katikati au pembeni.

Leza inakwenda kuwaamsha wale walio kimya, na inawaamsha pale tu unapoielekeza.

Ili uone kinachotokea, nenda kwa wakala yeyote wa fedha mwenye ile taa ya kukagulia noti bandia. Weka shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga chini yake. Taa inatoa urujuanimno usioonekana, lakini shati linang'aa buluu. Sabuni ina dawa inayopokea mwanga usioonekana na kuurudisha ukiwa na nguvu pungufu, yaani wimbi refu zaidi. Maji ya toniki yenye kwinini yanafanya vivyo hivyo. Tabia hiyo inaitwa floresensi. Jina alilitoa George Stokes huko Uingereza mwaka 1852, akilichukua kwenye jiwe la florispa linalong'aa namna hiyo.

Kila molekuli ina mawimbi yake inayoyapokea, mistari myembamba sana, na haipokei mengine. OH inapokea kwenye nanomita 283 hivi. Ukiipiga hapo, elektroni zake zinapanda ngazi, kisha zinashuka na kutoa mwanga wa nanomita 308 hivi. Mbele ya kamera unaweka kichujio kinachozuia 283 na kupitisha 308. Kwa hiyo unachokiona ni jibu tu, swali limebaki nje.

Leza ya 283 hainunuliwi dukani ikiwa tayari. Tulikuwa na leza ya kristali iitwayo Nd:YAG inayotoa nanomita 1064, wimbi lisiloonekana kwa jicho. Kristali ya kwanza inaligawa wimbi mara mbili, linakuwa 532, kijani kikali. Kijani hicho kinaingia kwenye kichupa cha kioo ambamo inapita rangi ya rodamini iliyoyeyushwa kwenye spiriti, nyekundu ya kupendeza kama juisi ya rosela. Rodamini inatoa mwanga wa njano wa 566, nao unapita kristali nyingine ukigawanywa tena. Hapo ndipo unapata 283. Hauonekani. Tulikuwa tunautafuta kwa kipande cha karatasi nyeupe, ukikigusa kinawaka doa la buluu, kwa sababu ileile ya shati. Na miwani haivuliwi hata kwa sekunde moja, mwanga ule ukiingia jichoni umekwisha.

Kila pigo la leza linadumu nanosekunde 10 au pungufu, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Hebu tupige hesabu: gesi inayokwenda mita 10 kwa sekunde, ndani ya nanosekunde 10 imesogea sehemu moja ya milioni kumi ya mita. Hiyo ni kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Moto wenye fujo kiasi gani unasimama tuli. Kamera nayo inafungua jicho kwa nanosekunde mia hivi na kufunga, kiasi kwamba mwanga wa njano wa mwali haupati muda wa kuingia.

Ukiutandaza mwanga wa leza kwa lenzi ukawa bapa kama upande wa panga, unakata moto kipande na kuona tumbo lake lote kwa pigo moja. Baadhi ya picha za kwanza za OH za namna hii zilichapishwa mwaka 1982 huko Marekani, na Dyer na Crosley, na mwaka huohuo kikundi cha Chuo Kikuu cha Stanford alichokuwamo Hanson. Mara ya kwanza nilipoiona picha yangu mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, mwali wa bana ndogo (kile kichwa cha jiko la gesi panapotokea moto) umekatwa katikati, OH imepanda kama koni mbili zilizofungamana na ndani mtupu, nilikaa nikiitazama mpaka mlinzi akaja kuzima taa.

#4 Mwl_Kemia

Mwanadunda, shukrani sana. Nafundisha kidato cha tano na sita, na somo hili nitalipeleka darasani.

Niongeze la chumvi, kwa kuwa upo Bagamoyo na mashamba ya chumvi yapo Nunge hapo. Wanafunzi wanajua kwamba chumvi ikiingia kwenye moto inatoa njano kali. Ile njano ni sodiamu, nanomita 589, haina uhusiano na njano ya masizi. Bunsen na Kirchhoff kule Heidelberg walianzia hapo mwaka 1859, wakaupitisha mwanga wa mwali kwenye mche wa kioo, na kwa njia hiyo wakagundua sisiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja moto ulizuka Mannheim, wao wakautazama kutoka Heidelberg kwa chombo chao na wakatambua bariamu na strontiamu zilizokuwa zinaungua. Kilometa nyingi, na hawakugusa kitu.

#5 FundiTanuri_Tanga

Salaam wakuu kutoka Tanga.

Nimefanya kazi kwenye matanuri ya saruji, huku kwetu chokaa ipo ardhini kwa hiyo kazi hii tumeikuta. Malighafi lazima ifike nyuzi 1450 hivi ndipo klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, ishikane, na mwali wenyewe unapita nyuzi 1800 kwa urahisi. Kinachotusumbua ni oksaidi za nitrojeni kwenye bomba la moshi. Tunapima kwenye bomba, mwishoni kabisa, tunapata namba. Lakini imezaliwa wapi ndani ya mwali, hatujui. Leza yako inaweza kujibu hilo?

#6 Mwanadunda

FundiTanuri, karibu sana mkuu. Ndani ya tanuri la saruji lenyewe ni kazi ngumu kweli, vumbi ni jingi na dirisha huna. Lakini unachouliza ndicho kilichojibiwa kwa leza kwenye miali midogo ya maabara, na majibu hayo ndiyo yanayotumika kubuni mabana ya matanuri.

NO, yaani oksaidi ya nitrojeni yenye nitrojeni moja na oksijeni moja, inaamshwa kwenye nanomita 226 na kujibu kwenye mawimbi kadhaa juu ya hapo. Na inazaliwa kwa njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza aliieleza mwanasayansi wa Usovieti, Yakov Zeldovich, miaka ya 1940: atomu ya oksijeni inavunja nitrojeni ya hewa, na hiyo inahitaji joto kali, kuanzia nyuzi 1500 za selsiasi hivi kwenda juu, na inataka muda. Hiyo ndiyo inayowasumbua hasa kwenye mwali wenu. Njia ya pili aliieleza Fenimore mwaka 1971: NO inayotokea upesi, palepale kwenye ukingo wa mwali, kwa sababu CH inaishambulia nitrojeni moja kwa moja. Sasa CH ni chache mno, sehemu chache katika milioni, na inaishi kwenye utando mwembamba usiofika milimita moja. Kuna mrija gani wa kuingia hapo? Bila leza tungebaki kubishana.

Lakini nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo watu huliruka wakionyesha zile picha za rangi. Picha inayong'aa bado haijawa kipimo.

OH iliyoamshwa, ikiachwa peke yake, inachukua nanosekunde 700 hivi kabla ya kutoa mwanga wake. Ndani ya mwali wa kawaida haiachwi peke yake. Inagongwa na maji, inagongwa na kaboni dayoksaidi, na ndani ya nanosekunde mbili hivi imeshanyang'anywa nishati yote bila kutoa mwanga. Ni kama umemtuma mtoto salamu avuke soko letu siku ya bamvua, samaki wamejaa na watu wamejaa. Kila anayemgonga anamsahaulisha. Katika watoto elfu uliowatuma, wawili watatu wanafika na salamu.

Ingekuwa wanafika wawili watatu kila mahali, tungezidisha tu na kumaliza. Tatizo ni kwamba wagongaji hawafanani. Maji yananyang'anya kwa nguvu sana, nitrojeni ya moto hainyang'anyi sana. Upande wenye maji mengi OH itaonekana hafifu kuliko ilivyo, upande wa pili itaonekana nyingi kuliko ilivyo. Mtu anaweza kuchapisha picha nzuri yenye uongo ndani bila yeye kujua. Aliyefundishwa vizuri anakokotoa mgongano huo kwa kila sehemu ya mwali, au anatumia leza ya pigo fupi zaidi, la pikosekunde (sehemu ya elfu ya nanosekunde), akapima moja kwa moja mwanga unavyofifia. Wengine wanashusha mgandamizo ili wagongaji wapungue.

Halafu joto. Molekuli huzunguka kama pia, kwa ngazi za nishati. Leza inaamsha OH zilizo kwenye ngazi moja tu ya mzunguko huo, na idadi ya walio kwenye ngazi hiyo inabadilika joto likibadilika. Kwa hiyo tunachagua mstari ambao hautikisiki sana katika joto la mwali. Au tunapiga mistari miwili kwa makusudi, na uwiano wa majibu yake unatupa joto lenyewe. Hapo unapata kipimajoto kisichogusa kitu.

Namba kamili tunaipata kwa bana bapa, sahani yenye vitundu vidogo mno ambayo mwali wake umekaa juu yake kama chapati, tambarare kabisa. Unapitisha leza katikati na kupima imepungua kiasi gani ilipotokea upande wa pili. Upungufu huo haujali nani kamgonga nani baadaye. Ukishajua OH ya mwali ule kwa njia hiyo, unatumia mwanga wake kama jiwe la mizani kwa miali mingine. Kwa NO ni rahisi zaidi, unaongeza NO ya kiasi unachokijua kwenye gesi na kuangalia mwanga unapanda kwa kiasi gani.

Niwaambie na lililonipata. Mwezi wa tatu maabara, sitaitaja ni ipi, nilikuwa napima mwali wa gesi ya ethilini wenye masizi kidogo. Picha zilitoka safi, OH imejaa mpaka ndani, mahali ambapo hesabu ilisema isiwepo. Nikaanza kuamini kwamba nimeona kitu kipya. Mwalimu wangu alizitazama kimya, akasema maneno mawili: "Sogeza leza." Maana yake, hamisha wimbi kidogo tu, sehemu mbili za mia za nanomita, utoke kwenye mstari wa OH. OH ya kweli hapo lazima izime. Nikasogeza. Pembeni ikazima, lakini katikati ikabaki inang'aa vilevile. Haikuwa OH. Zilikuwa molekuli kubwa zenye pete nyingi za kaboni, zile ambazo masizi yanazaliwa kutokana nazo, na hazichagui wimbi, zinang'aa kwa urujuanimno wowote. Wiki mbili za vipimo tulizitupa siku ile. Tangu hapo sijapiga picha ya mstari bila kupiga na ya nje ya mstari, na mtu akinionyesha picha ya OH swali langu la kwanza ni hilohilo.

#7 Msafiri_wa_Saadani

Nimesoma yote, nimejifunza. Naomba kuuliza kwa nia njema kabisa. Mjomba wako anapata nini hapo? Mashine hiyo ni ghali na haitafika soko la samaki. Sisi tunapikia kuni na mkaa.

#8 Nesi_wa_Usiku

Nakazia swali la #7 kwa upande wangu. Msimu wa mvua tunaletewa watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa. Kaboni monoksaidi inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wengine wanaamka, wengine hawaamki. Familia zinatuambia "lakini mkaa ulikuwa umeshakolea, hauna hata moshi." Mwanadunda, hilo unalielezaje kwa sayansi yako?

#9 Mwanadunda

Dada Nesi, pole kwa kazi. Nianze na lako, maana ni la uhai.

Mkaa uliokolea hauna moshi kwa sababu vile vitu vya kufanya moshi vimeshaondoka siku ya kuchoma mkaa porini. Umebaki kaboni. Kaboni ikikutana na hewa juu ya kaa jekundu inatoa monoksaidi, na ile miali mifupi ya buluu inayocheza juu ya makaa, mnayoiona gizani, ni monoksaidi hiyo ikiungua. Ikiungua imekuwa dayoksaidi, kheri. Lakini inaungua kwa msaada wa nani? Wa OH. Ndani ya mwali, karibu monoksaidi yote inayomalizika inamalizwa na OH, na oksijeni ya kawaida ikiwa peke yake inafanya kazi hiyo polepole mno. OH nayo inataka joto. Makaa yakipungua, yakifunikwa majivu, miali ya buluu inapotea, OH inapotea, na monoksaidi inaendelea kutoka bila kitu cha kuimaliza. Jiko linaonekana limetulia, ndipo linapotoa sumu bila kizuizi. Haina harufu wala rangi. Mlango na dirisha viwe wazi, na jiko likae nje usiku, hata kama kaa limebaki moja.

Hapo namjibu na Msafiri. Tumejua kwamba OH ndiyo inayomaliza monoksaidi kwa kupima, na leza ni moja ya njia zilizotuwezesha kuikuta ikiwa hai ndani ya mwali. CO, yaani monoksaidi yenyewe, inapimwa pia, kwa fotoni (chembe za mwanga) mbili za nanomita 230 zinazopokewa kwa pamoja, nayo inajibu kwa mwanga unaoonekana. Vipimo vya namna hii vimeingia kwenye orodha za hatua za kuungua ambazo kompyuta inazikokotoa. Orodha moja maarufu ya gesi asilia, GRI-Mech 3.0 ya mwaka 1999, ina hatua 325 na aina 53 za molekuli, atomu na vipande. Anayebuni bana leo anakokotoa kwa orodha kama hiyo kabla hajakata chuma.

Na ukishajua OH inataka joto, unajua jambo la jikoni moja kwa moja. Sufuria ya baridi ikikaa ndani kabisa ya mwali, chuma kinaupoza moto kabla haujamaliza. OH inakufa pale kwenye kitako cha sufuria, na monoksaidi na masizi vinaponyoka pembeni. Ukiinua sufuria kupita kiasi unapoteza joto. Kuna nafasi ya kati. Nilimwambia mjomba ajaribu kuinua karai kidogo kwa kuongeza tofali jembamba kwenye kila figa na kuacha pengo la hewa chini. Sijapima chochote kwake, namweleza ninachokijua, na yeye ndiye mwenye karai.

Na niseme wazi: kuupima moto wake wa kuni kwa leza hii ni kazi ya mashaka. Masizi yakipigwa na leza yanawaka yenyewe kupita nyuzi 3500, zile pete za kaboni zinang'aa kila mahali, na jibu la OH linazama humo. Kuna njia nyingine inayotumia huo mwako wa masizi wenyewe kuyapima, ni mada ya siku nyingine. Nchi imejiwekea mkakati wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe. Natamani wenye kujua moto kwa ndani wawe Watanzania pia wakati majiko hayo yanachaguliwa na kutengenezwa.

#10 BintiPangani

Kaka Mwanadunda, shikamoo. Nipo mwaka wa pili chuo, fizikia. Maabara yetu haina leza ya aina hiyo na sitegemei kuiona karibuni. Kuna kitu ninaweza kukifanya nyumbani nikaona hata sehemu ya haya?

#11 Mwanadunda

Marahaba mdogo wangu. Kipo, na uanze leo.

Tafuta boksi la viatu, nyembe mbili na DVD ya zamani. Upande mmoja wa boksi toboa, bandika nyembe mbili zikitazamana, ziache ufa mwembamba kama unene wa karatasi mbili. Upande wa pili simamisha DVD kwa ndani ikiwa imeinama, na juu yake toboa tundu la kuchungulia. Mistari ya DVD imeachana kwa nanomita 740, ya CD kwa 1600, kwa hiyo DVD inatawanya rangi zaidi. Ziba kila upenyo wa mwanga kwa gundi nyeusi. Usilielekeze juani.

Zima taa za jikoni, washa gesi, sogeza ufa karibu na mwali usawa wa meno ya bana. Usitazame ncha, tazama chini pale buluu ilipokoza. Andika unachokiona kabla hujasoma popote kinavyotakiwa kuonekana.

#12 BintiPangani

Nimefanya jana usiku! Naandika kama nilivyoona.

Rangi hazikuja zote kama kwenye taa. Kulikuwa na giza, halafu ukanda wa kijani wenye ukingo mkali upande mmoja na unaofifia upande wa pili. Mwingine hafifu upande wa buluu. Halafu mstari wa buluu-zambarau mbali kidogo, nilihitaji kuzoea giza kwanza. Nikaziba tundu la hewa la bana kwa kitambaa kibichi, mwali ukawa njano, na rangi zote zikajaa kuanzia nyekundu, ile mikanda sikuiona tena. Nilipochovya waya kwenye maji ya chumvi na kuuingiza, ukaja mstari mmoja wa njano, mwembamba, unawaka kuliko vyote.

Kijani ni C2 na zambarau ni CH? Na mikanda ilikwenda wapi mwali ulipokuwa njano?

#13 Mwanadunda

Ndivyo. Kijani chenye ukingo ni C2 kwenye 516, mikanda hiyo inaitwa ya Swan, na zambarau ni CH kwenye 431. Umeeleza ukingo wake kwa usahihi ambao wengi hawauoni mara ya kwanza. Mwanga wa masizi unajaza rangi zote, na kile kilichokuwa kinaonekana gizani kimefunikwa nao.

Swali lako la mwisho ndilo aliloniuliza mjomba. Nilitengeneza boksi kama hilo nikampelekea sokoni jana magharibi. Alichungulia muda mrefu huku mafuta yanalia. Tone la maji ya chumvi lilipodondoka kutoka kwenye samaki likaingia kwenye kuni, akasema "hiyo njano imekatiza kama uzi." Nikamwambia hiyo ni chumvi. Kisha akatoa jicho kwenye tundu akaniuliza: "Na ile buluu ya dada yako, humu ndani ya njano haimo?"

Nikamwambia tuitafute. Akavuta karai pembeni, akaziba ndimi za juu kwa sinia, tukainama wote wawili mpaka mashavu yakaanza kuungua. Pale chini, mahali kifuu cha nazi kinapoanzia kushika na hewa inaingilia kwa pembeni, ilikuwepo. Nyembamba kama ukingo wa kucha, buluu.